Vidonge Nilivyokuficha, Felista

Felista,

Naogopa. Acha nianze na hilo, maana tangu uondoke nimekuwa nikianza na mengine yote. Nimeanza na kushona, nimeanza na kuomba, nimeanza hata na kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Leo Jumamosi, saa saba mchana, nimefunika cherehani na kujifungia chumbani ili watu wadhani nimetoka. Unaijua nyumba ya mwenye nyumba wetu, Bi Zuhura. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha uani anakupa pole. Hata kulia inabidi nilie mdomo umefungwa. Basi naandika.

Mumeo anaumwa.

Wiki mbili zilizopita Damiani alianguka pale Mwenge, kwenye kibanda chake cha vinyago, patasi ikiwa mkononi. Wachongaji wenzake wakamdaka. Hakuumia, lakini walipompima walimkuta na presha ya kutisha, kama ile yako. Wakampa vidonge na daftari la kliniki. Jeni ndiye aliyeniletea habari. Alisimama hapa mlangoni akasema, "Mamdogo, baba naye."

Juzi Alhamisi akaja Damiani mwenyewe. Unamjua, si mtu wa kanisa sana. Alikuwaga anakuja Krismasi, Pasaka, na siku Jeni anaimba. Amekonda, shati linamcheza mabegani, vumbi la mpingo limo kwenye nyusi. Nilimkaribisha kiti akakataa. Alishika fremu ya mlango akasema, "Shemeji, nimekuja uniombee. Wewe Mungu anakusikia. Siku ile unashuhudia ulivyoponywa presha nilikuwepo, nimekaa kiti cha nyuma, nikasikia kwa masikio yangu. Niombee na mie niziache hizi dawa. Jeni hana mtu mwingine."

Felista, nilimwombea.

Niliweka mkono juu ya kichwa cha mumeo nikaomba kwa ile sauti yangu ambayo watu wanaipenda. Nikaitikia amina mwenyewe. Akashukuru, akarudi chumbani kwenu uani. Mie nikakaa sakafuni.

Sijui nyie mlioko huko mnajua nini na hamjui nini. Kama hili umeshalijua, lisikilize tena, maana hukuwahi kulisikia kutoka mdomoni mwangu.

Sikuponywa. Presha ninayo mpaka leo. Sikuziacha dawa.

Ile Jumapili ya ushuhuda sikwenda na nia ya kudanganya. Nilikuwa nimepimwa Ijumaa iliyotangulia, muuguzi akasoma akaniambia, "Mama, uko vizuri, hongera." Nikafurahi kweli. Kanisani walipoita wenye shuhuda nikapanda, nikasema Bwana amenitendea, presha imeshuka. Watu wakapiga vigelegele. Mchungaji akanisogezea kipaza sauti, uso wake unang'aa kwa furaha, akauliza, "Na dawa je, dada Anna?"

Presha ilishuka kwa sababu nilikuwa nameza dawa kila asubuhi. Hilo ndilo jibu. Lakini watu mia mbili walikuwa wamesimama, mikono juu, wananingoja. Nikasema, "Nimeziacha."

Neno moja. Kanisa likalipuka. Mchungaji hakuwahi kumwambia mtu yeyote aache dawa, sitaki nimbebeshe lisilo lake. Aliniuliza, nikamjibu.

Ile wiki nilijaribu kulifanya neno lile liwe kweli. Niliacha dawa siku nne. Siku ya tano shingo ikawa ngumu kama ubao, macho yanaona vimulimuli, nikazirudia. Nikazificha ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, na nikahamisha kliniki. Nikawa navuka mji mpaka Temeke ambako hakuna mshirika anayenijua, nimejitanda ushungi kama mke wa mtu wa pwani. Nilikuwa nakaa kwenye foleni ile najiambia, hii ni ya muda tu, Mungu ataniponya kweli halafu ushuhuda wangu utakuwa wa kweli, utakuwa umetangulia tu.

Halafu ukaja wewe.

Ulikuwa unafua uani, mie naanika. Uliinuka, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, ukanisogelea kabisa. Ukasema, "Anna, kweli umeziacha? Niambie mie, siyo kanisa."

Mlango ulikuwa wazi, Feli. Ungenicheka siku mbili, ungeniita mwongo, halafu ungenipikia. Wewe si ndiye uliyekuwa ukiulizwa habari za asubuhi na watu wa Mungu unajibu, "Leo nimeamka vibaya"? Wenzako wote tunasema tumebarikiwa, wewe unasema mgongo unauma na mumeo amenuna. Kwenye maombi ya Jumatano, tulipokuwa tukishindana kwa maneno marefu, ulikuwa unasema, "Bwana, leo sina imani, nimekuja tu hivi nilivyo," basi, unakaa. Mama Rhoda, mzee wetu wa kanisa, akakutolea macho. Mie nilikuwa nakuonea haya. Nilikuona hujakomaa kiroho. Na kumbe mle ndani, kati yetu wote, uliyekuwa ukiongea na Mungu ni wewe.

Nikakujibu, "Kweli, Feli. Nimeziacha."

Ukaniangalia kidogo. Ukasema, "Basi na mie naziacha. Nikikufuata wewe sitapotea." Jioni ile ile ukazitupa chooni.

Kichwa kikaanza kukuuma. Ukawa unajifunga kitambaa, unacheka, unasema ni ugonjwa unafungasha mizigo unaondoka. Nilikuwa nakutazama ukigeuza vitumbua mbele ya jiko huku jicho moja umelifumba. Kila asubuhi nilijiambia leo namwambia. Kila asubuhi nilimeza changu, nikafunika kopo, nikatoka kukusalimia.

Jumanne ile ulipodondoka, kijiko kikiwa mkononi, mie ndiye niliyeingia nawe kwenye bajaji. Mdomo ulikuwa umepinda upande. Ulikuwa unataka kuniambia kitu, sikukielewa, na mpaka leo nakitafuta kilikuwa nini. Hospitali daktari alimuuliza Damiani, "Alikuwa na presha? Dawa alikuwa anatumia?" Damiani akasema, "Aliziacha, daktari. Waliombewa." Daktari aliandika tu. Mie nilikuwa nimesimama hapo nimekumbatia mkoba, na ndani ya mkoba, kwenye karatasi ya dawa, vilikuwepo vidonge kumi na viwili. Nilivihesabu baadaye.

Ulikaa siku mbili ukaondoka. Msibani niliongoza maombi mimi. Watu walisema dada Anna ana neema, ona anavyosimama imara wakati wa huzuni.

Miezi minne sasa. Jeni anapika vile vitumbua vyako kabla ya kwenda chuo, vinavunjika, wateja wananunua hivyo hivyo kwa ajili yako. Kiti chako kanisani amekaa mgeni. Na mie wamenipandisha, Feli. Tangu mwezi uliopita mie ni mwenyekiti wa akina mama. Kesho tuna wageni kutoka kanisa la Segerea, na Mchungaji ameniomba nitoe ule ushuhuda. "Ule wa presha," amesema. "Unawajenga watu."

Alhamisi, Damiani alipoondoka mlangoni kwangu, Bi Zuhura aliingia bila hodi. Alikuwa amesikia yote. Unamjua, hana maneno ya kuzunguka. Akasema, "Anna, mie dini yenu siijui, sitii mguu humo. Lakini vile vidonge ninavyokuona dirishani unameza kila asubuhi, vya nini?"

Nikasema, "Vya kichwa, bibi."

Akanitazama. "Mwenzio naye alikuwa akiumwa kichwa hicho hicho." Akatoka.

Kwa hiyo leo ni siku ya tatu. Sijui kama mumeo amemeza leo. Namsikia hapa nyuma anapiga msasa kinyago, kwaruu, kwaruu, na kila sauti ikikatika nadhani ameanguka. Nikimwambia, atajua nilikufanya nini, na Jeni atajua, na kesho kanisa zima litajua. Nisipomwambia, nitamzika kama nilivyokuzika na nitaombewa nizidi kuwa imara. Herufi zimeanza kupanda juu ya mstari.

Msasa umenyamaza. Naenda.

*

Nimeiacha barua hii siku nne. Leo Jumatano. Naendelea.

Damiani alikuwa hajaanguka, alikuwa anakunywa maji. Nilimkuta kwenye benchi karibu na karo, kinyago cha mama aliyebeba kuni kiko mapajani. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuongea habari nyingine.

"Shemeji, usiache dawa."

"Si umeniombea?"

"Sikuponywa. Dawa sijawahi kuziacha. Nilisema uongo."

Akaokota msasa, akaendelea kusugua bega la yule mama wa mti. Nikadhani hakusikia. Halafu akauliza bila kuinua uso, "Felista alijua?"

"Hapana."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia nimeziacha kweli."

Mkono ukasimama. Nilikuwa naogopa atanipiga, na nikawa naogopa zaidi kwamba hatanipiga. Akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Ile Jumanne. Asubuhi ile anaanguka. Wewe ulikuwa umemeza?"

"Nilikuwa nimemeza."

Alisimama polepole kama mzee. Akakiweka kinyago juu ya benchi, akakifunika shati lake, akaingia ndani na kufunga mlango bila kuubamiza. Nilimsikia Jeni akisema, "Nini, baba?" Halafu nikasikia mwanaume analia, Felista. Kwenye msiba wako hakulia hivyo.

Jumapili nilikwenda kanisani kwa sababu kutokwenda kungekuwa uongo mwingine. Wageni wa Segerea walikuwa wamejaa viti vya mbele. Mchungaji akaniita kwa furaha. Nilitafuta sauti yangu, ile nzuri, nikaona haipo. Iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya mtoto aliyevunja chungu.

Nilisema, "Mie ni mgonjwa wa presha. Nilisema hapa kwamba nimepona na nimeacha dawa. Nilidanganya. Felista aliniamini, akaziacha zake, akafa. Msimfuate mtu kwa ushuhuda wangu. Kama una dawa, nenda kameze."

Nilikuwa nimepanga niseme na mengine, habari za neema na msamaha. Nikayaacha. Nilijisikia nimeanza kuyapamba.

Hakuna aliyesema amina. Mama mmoja wa kwaya akaanzisha pambio ili anifunike, ngoma ikadakia, wenzake wakaitikia wawili watatu. Mchungaji akainua mkono wakanyamaza. Akaja akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Akasema, "Tuombe," akafumba macho, na hakuomba. Tulisimama vile mpaka watoto wakaanza kuuliza mama zao kuna nini.

Baadaye ofisini alinifokea. "Dada Anna, ungeniambia mimi kwanza, hapa, tukaona namna!"

Nikamjibu, "Mchungaji, ningekuambia hapa lingebaki hapa."

Akazungusha kalamu mezani. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi ndiye niliyekuuliza mbele za watu." Nikaona naye anaogopa. Uenyekiti wamenivua, na kuongoza maombi nimesimamishwa, sijui mpaka lini. Nilipotoka, watu niliowashonea nguo za harusi walipita kando yangu kama wanakwepa dimbwi.

Jumatatu sikupata mteja hadi saa tisa. Halafu akaingia Mama Rhoda. Ndiyo, yule yule aliyekuwa akikutolea macho. Amebeba sketi, anataka ipunguzwe kiuno. Nilipoipima nikaona haimpwayi hata kidogo. Akafunga mlango. Akafungua pochi, akanionyesha kijikaratasi cha dawa. "Miaka sita," akasema. "Hata mume wangu hajui. Na mimi huwa nawaombea watu." Kisha akaniuliza, kama msichana anayeuliza habari za hedhi, "Wewe huwa unameza saa ngapi? Kabla ya chai au baada?"

Tulikaa pale wanawake wawili wazima tukielekezana vidonge kwa kunong'ona. Sikucheka. Nilitamani ungekuwepo, wewe ungecheka.

Usidhani hofu imekwisha. Imehama tu. Zamani nilikuwa nawaogopa watu wasijue. Sasa usiku nalala vizuri, alfajiri ndiyo mbaya, naamka najiuliza kama ungekuwa hai. Mama Rhoda ameniambia nisijitese, labda ungekufa tu, presha ni presha. Labda. Na labda sasa hivi ungekuwa uani unagombana na Bi Zuhura juu ya kamba ya nguo. Sitajua. Nikiomba, nasema hilo hilo, halafu sina la kuongeza, nanyamaza. Sijui kama ananisikia. Zamani nilikuwa najua, au nilikuwa nasema najua.

Jeni alikuwa hajaja kwangu tangu Jumamosi. Nikimwona karoni anageuza uso. Lakini jana jioni akasimama mlangoni kwangu, hakuvuka kizingiti, hakuniita mamdogo.

"Baba amesema kesho saa moja asubuhi uje kwetu na dawa zako."

"Anazihitaji?"

"Anazo zake. Amesema umeze mbele yake, akuone. Naye atameza mbele yako. Amesema usimsalimie."

Sikulala vizuri usiku ule, nikuambie kweli.

Nimekwenda leo. Kulikuwa na viti viwili vimeelekeana na ndoo ya maji katikati, juu yake vikombe viwili. Damiani amekaa, mikono magotini. Sikumsalimia. Jeni amesimama pembeni ya kabati lako la vyombo. Nikatoa kidonge, nikakiweka ulimini, nikanywa. Mumeo hakuniangalia usoni hata mara moja. Aliniangalia kooni. Alingoja aone koo limepanda na kushuka, halafu akaniashiria kwa kidole nifungue mdomo. Nikafungua, kama mtoto. Akatazama mpaka akaridhika.

Ndipo akachukua chake. Alikishika muda mrefu kati ya vidole vile vigumu, nikafikiri atakitupa, nikafikiri ameniita ili nimwone anakitupa. Akakimeza. Akafungua mdomo wake, nami nikatazama.

Niliposimama kuondoka alisema neno moja.

"Kesho."

Felista, sikuombi unisamehe, kwa sababu ukinisamehe sitasikia, na nisiposikia nitajitungia. Nimeshatunga ya kutosha. Huu mwili wangu mgonjwa nitauita mgonjwa, kanisani na nje ya kanisa. Na mumeo, kadiri atakavyoniita, sitakosa, aniongeleshe au asiniongeleshe. Akiacha kuniita nitasimama hapo mlangoni mpaka afungue.

Lala, rafiki yangu. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa nyumbani kwako.

Anna